Natoa kila kinachohitajika nyumbani, kwa nini mke wangu hana furaha tangu ajifungue?

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Muheza, na mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulioana miaka minne iliyopita na tulisubiri mtoto kwa muda mrefu, kwa hiyo alipopata ujauzito ukoo mzima ulifurahi. Alijifungua kwa upasuaji wiki 9 zilizopita, baada ya kukaa na uchungu mchana kutwa na usiku kucha, na binti yetu, namshukuru Mungu, ni mzima na anaongezeka uzito vizuri.

Tuliporudi nyumbani, mama yangu alikuja kutoka Lushoto kumhudumia mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Yeye ndiye aliyeniambia nihamie chumba cha mbele hadi mtoto akue kidogo, nisije nikambemenda, yaani kumdhoofisha mtoto kwa kukutana na mama yake mapema. Nikahama siku ile ile. Mama naye analala chumba cha nyuma kwa sababu ana shinikizo la damu na hatakiwi kukatishwa usingizi, hivyo usiku mke wangu hubaki na mtoto.

Siku za mwanzo alikuwa akilia bila sababu, na tuliambiwa kwamba hali hiyo hupita. Haikupita. Tangu arobaini imezidi: mtoto akilala yeye halali, chakula anakigusa tu, na simu za walimu wenzake hapokei. Jioni moja nilirudi saa mbili usiku nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto analia ndani ya chandarua, maziwa yamemlowesha kanga hadi mapajani, na bakuli la uji wa pilipili manga liko sakafuni, uji umepoa hadi umefanya utando. Alikuwa anautazama ukuta kana kwamba hasikii kitu. Nilimchukua mtoto, nikamwita mama. Mama alipoingia alisema, "Wanawake wa siku hizi wamelegea. Mimi nilizaa saba bila kisu, na siku ya kumi nilikuwa shambani." Mke wangu aliyasikia yote. Mimi nilinyamaza kwa kuwa ni mama yangu.

Nakiri kwamba nami nilikosea siku nyingine. Nilimwambia, "Ni mzazi gani mtaani hapa anayepata unachokipata wewe? Nyama ipo, samaki wapo, msichana wa kazi yupo. Unakosa nini?" Hakunijibu. Baada ya siku mbili akaniambia kwa sauti ya chini, "Naona mtoto huyu angekuwa salama zaidi kama angekuwa na mama mwingine." Tangu hapo na mimi sipati usingizi.

Dada yangu anasema ni jini na anataka tumpeleke kwa mganga. Jirani yetu anasema ni sonona, na kwamba mara nyingi mume ndiye chanzo. Naomba uniambie ukweli: je, mimi ndiye niliyemfikisha hapa? Na kama fedha natoa na chakula kipo, ni msaada gani mwingine ambao mume anatakiwa kuutoa?

Baba mwenye hofu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata binti.

Nilifanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua yako nimeisoma mara mbili, lakini kuna sentensi moja ambayo lazima nianze nayo kabla ya mengine yote. Mke wako amekuambia kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kama angekuwa na mama mwingine. Usiyachukue maneno hayo kuwa ni malalamiko ya mtu aliyechoka. Mama anayesema hivyo huenda ameanza kufikiri kwamba kuondoka kwake, au hata kufa kwake, kungekuwa nafuu kwa watu anaowapenda. Mpeleke hospitali ya wilaya kesho asubuhi, wala usingoje chanjo ya mtoto ya wiki ya 10 eti ndipo mtaje na hili. Usiku wa leo asiachwe peke yake na mtoto. Dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na sumu ya panya na ya wadudu, ziondolewe mahali anapoweza kuzifikia. Kisha keti naye, umuulize kwa upole lakini kwa uwazi kama amewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Wengi huogopa swali hilo wakidhani litamtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii wazo hilo, na mara nyingi huwa ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kuutua mzigo alioubeba kimya.

Ikiwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, maneno yake hayaeleweki, amekesha siku mbili tatu bila kuona haja ya usingizi, au anaamini kwamba mtoto si wake au ana kitu kiovu ndani yake, basi usingoje kupambazuke. Huo ni ugonjwa mwingine, mkali zaidi, unaompata mama 1 au 2 katika kila wazazi 1,000, na ni dharura sawa na mzazi anayetokwa na damu nyingi.

Sasa nirudi kwenye maswali yako. Kilio cha siku za kwanza huwapata zaidi ya nusu ya wanawake wanaojifungua. Homoni zilizopanda kwa miezi tisa hushuka kwa kasi mara baada ya kondo la nyuma kutoka, na machozi huja kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha hukauka yenyewe kabla ya wiki 2 kwisha. Kinachoendelea baada ya hapo, kikamnyima mama usingizi hata pale mtoto anapolala, kikamwondolea hamu ya chakula na ya watu, kikamfanya ajione hafai kuwa mama, hicho ndicho jirani yako alichokitaja kwa jina lake. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, huwapata karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua, jambo ambalo lina maana kwamba katika ukumbi wa kliniki ambako mkeo alipima uzito wa mtoto, katika kila benchi lenye wazazi watano yawezekana mmoja alikuwa akipita anapopita yeye, na pengine naye alikuwa amejibu "nzuri" alipoulizwa habari.

Je, wewe ndiye chanzo? Jirani yako amesema kweli nusu. Sonona haina chanzo kimoja: uchungu mrefu uliokwisha kwa upasuaji, kukosa usingizi, upungufu wa damu, kuwahi kuugua sonona zamani, msiba, shida ya fedha, yote haya huchangia, na wapo wanaume waliowatunza wake zao kwa kila namna na bado wake hao wakaugua. Kwa hiyo usijihukumu kama mtu aliyemtia mwenzake sumu. Hata hivyo, ningekudanganya kama ningesema kwamba mume hana uzito katika jambo hili. Mwaka 2012 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kutoka nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na miongoni mwa mambo yaliyoonekana kumweka mama katika hatari ni mwenzi asiyemhurumia wala kumsaidia, pamoja na wakwe wenye maneno makali. Upande wa yale yanayomkinga, uchambuzi huo ulitaja elimu, kazi ya kudumu, na mwenzi mpole anayeaminika. Hapa kwetu, utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2017, ambao uliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 3 wa kuugua sonona baada ya kujifungua. Sisemi kwamba wewe ni mkatili, na barua yako haionyeshi hivyo, lakini wanaume wanaonisoma wajue kwamba katika tafiti za namna hii ukatili hauhesabiwi kwa makofi tu, bali hata kwa matusi na maneno ya kumdhalilisha mtu.

Kuhusu fedha, usiruhusu mtu akuambie kwamba si msaada. Nimewahudumia wazazi waliolala na njaa huku wananyonyesha, na umaskini wenyewe ni sehemu ya ugonjwa huu. Nyama na samaki unaowaleta vina kazi yake mwilini mwa mwanamke aliyepoteza damu. Ila ulipovitaja kwa kumuuliza "unakosa nini", uligeuza matunzo kuwa deni, na mgonjwa wa sonona, ambaye tayari anajiona ni mzigo, alisikia kwamba hata chakula chake ni hesabu anayopaswa kuilipa kwa furaha asiyokuwa nayo. Hakukujibu kwa sababu hana jibu. Yeye mwenyewe anajiuliza swali hilo hilo usiku kucha.

Sasa tuzungumze juu ya chumba cha mbele. Habari ya kumbemenda mtoto naifahamu vizuri, nami nimekulia ndani yake; wazee walitaka mwili wa mzazi upumzike na mtoto asipate mdogo wake mapema, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini hakuna ugonjwa wowote unaompata mtoto kwa sababu baba yake amelala chumba kimoja na mama yake. Tendo la ndoa ni jambo jingine: lingoje mpaka amepona mshono, amepimwa, na yeye mwenyewe ameridhia, na kwa hali aliyo nayo sasa usilitaje kabisa. Kilichotokea nyumbani kwako ni kwamba desturi iliyokusudiwa kumpumzisha mzazi imemwacha peke yake na mtoto kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, kwa wiki 9, akiwa na kidonda cha upasuaji. Mama yako ana sababu yake ya kulala chumba cha nyuma, na msichana wa kazi sijui analala wapi. Katika nyumba ya watu wazima wanne, mmoja tu ndiye anayeamka.

Basi rudisha godoro lako chumbani. Huna maziwa, lakini kazi nyingine zote za usiku unaziweza. Mtoto akilia, wewe ndiye uamke, umbadilishe nepi, umpeleke kwa mama yake akiwa amelala vile vile kwa ubavu. Akishashiba mchukue, mweke begani mpaka acheue, kisha mlaze. Fanya pia mpango apate usingizi usiokatwa wa saa nne au tano, hata kama si kila siku: anyonyeshe saa tatu usiku, akamue maziwa kiasi kwenye chombo safi chenye mfuniko, kisha alale hadi saa nane, na mtoto akiamka katikati umnyweshe kwa kikombe kidogo, taratibu, akiwa ameinuliwa kichwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa 4 bila jokofu, mradi yawekwe mahali penye ubaridi. Kama kukamua kunamtesa, acha. Usigeuze usingizi kuwa adhabu nyingine. Nimeona wazazi ambao usiku mitatu ya kulala vizuri haikuwaponya, kwa maana dawa ya sonona si usingizi pekee, lakini iliwapa nguvu ya kuketi na muuguzi na kueleza kinachowasumbua, jambo ambalo hapo awali walishindwa hata kulianza.

Mama yako ndiye sehemu itakayokuwa ngumu kwako. Amekuja kwa mapenzi, ameacha nyumba yake, na anastahili heshima na shukrani. Lakini neno lile la kisu linamkata mkeo mara ya pili. Mwanamke aliyepasuliwa amezaa. Amekatwa ngozi na mfuko wa uzazi ili mtoto atoke hai, na mara nyingi tayari anajilaumu moyoni kwamba ameshindwa kazi ambayo wanawake wengine waliiweza. Kazi ya kuzungumza na mama yako ni yako, si ya mkeo, na usiifanye mbele ya mkeo wala mbele ya msichana wa kazi. Mwambie hivi: "Mama, nakushukuru kwa kutuhudumia. Hospitali watatuambia zaidi, lakini mwenzangu anaumwa, na naomba habari ya kisu na ya kwenda shambani siku ya kumi isisemwe tena humu ndani." Kisha mpe kazi anayoiweza na ambayo mkeo ataifurahia: kumwogesha mtoto asubuhi, kupika, kukaa na mtoto nje kwenye jua la asubuhi ili mzazi aoge bila haraka. Jioni ile uliponyamaza, mkeo alihesabu kimya chako kuwa ni kukubali, kwa hiyo inampasa asikie kutoka kinywani mwako kwamba hukukubali.

Na umwombe radhi. Usiufanye msamaha huo kuwa hotuba, wala usiongeze "lakini". Maneno kama "Nilikosea kukuuliza unakosa nini, sikujua kwamba unaumwa, na sikuachi peke yako" yanatosha. Usimwambie ajikaze, amshukuru Mungu, au awatazame waliokosa watoto, kwa sababu yote hayo ameshajiambia. Akiongea, sikiliza hadi amalize bila kumpa suluhisho. Akikaa kimya, kaa naye. Akila vijiko vitatu vya uji usiseme kwamba amebakiza, mletee mwingine wa moto baadaye.

Dada yako usigombane naye. Dua na visomo havina ubaya, na vikifanyika nyumbani kwa utulivu huenda vikampa mkeo faraja. Ila asipelekwe mahali atakapofungiwa, atakapofukizwa, atakapokatazwa kula au kunyonyesha, na hospitali isicheleweshwe hata siku moja kwa sababu ya mganga.

Huko hospitali, ongozana naye na umweleze mhudumu ulichokiona wewe mwenyewe: uji uliopoa, simu zisizopokelewa, maneno aliyokuambia. Wagonjwa wengi wa sonona hujikusanya mbele ya muuguzi na kusema kwamba hawajambo. Baadaye toka nje ili apate nafasi ya kusema yale asiyoweza kuyasema ukiwepo. Huenda akaulizwa maswali 10 ya dodoso la Edinburgh la kutambua sonona kwa wazazi, ambalo limetumika tangu mwaka 1987 na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Linahusu jinsi alivyojisikia kwa siku 7 zilizopita, na swali la mwisho ni lile la kujidhuru. Omba apimwe wingi wa damu pia, kwa kuwa upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na huu na mara nyingi hukaa pamoja nao. Tiba huanza kwa mazungumzo na mshauri, na kwa waliozidiwa huongezwa dawa. Zipo dawa za sonona ambazo mama huzitumia huku akiendelea kunyonyesha, kwa hiyo asiache kunywa dawa wala asimwachishe mtoto ziwa bila kumuuliza daktari. Kama hospitali ya wilaya haina mtaalamu wa afya ya akili, watawapa rufaa. Na ukikwama popote, piga bure namba 199 ya Wizara ya Afya.

Ninakuhimiza hivi kwa sababu najua kinachowezekana. Kule vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii ambao hawakuwa madaktari walifundishwa kuwatembelea nyumbani wanawake wenye sonona na kuzungumza nao, huku wakiwashirikisha waume na wakwe katika kumtunza mama na mtoto. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2008: mtoto alipofika miezi 6, katika kundi lililotembelewa hivyo mama 23 katika kila 100 ndio waliokuwa bado na sonona, ilhali katika kundi jingine walikuwa 53.

Nigusie jambo moja kwa wasomaji walioajiriwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya siku 3 tu, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto, wakati jirani zetu wa Kenya wanampa wiki 2. Siku tatu zinakwisha kabla hata kilio cha kwanza hakijaanza, na natamani waliomo bungeni walitazame hilo. Wewe, mwanangu, umejiajiri na ufunguo wa duka uko mfukoni mwako. Kwa mwezi huu fungua saa nne na ufunge saa kumi na moja, au mweke kijana akusaidie.

Ujiangalie na wewe. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba karibu baba 1 katika kila 10 naye huugua sonona katika kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, na zaidi pale mke anapokuwa mgonjwa. Umesema hupati usingizi. Muuguzi akikuuliza hali yako, usijibu kwamba uko salama kama huko salama.

Kesho nendeni mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na mtoto mwende naye kwa kuwa atahitaji kunyonya. Mbebe wewe. Wiki ijayo mtakaporudi kwa ajili ya chanjo, mbebe wewe tena, na mkeo akae kwenye benchi mikono ikiwa mitupu. Chanjo nyingine ni ya wiki ya 14. Ikifika hiyo, niandikie unieleze analalaje na anakulaje.